Mafunzo ya utunzaji wa wanyama wa maabara, Nyali: yana manufaa, ila yamemsahau mlishaji

Mwezi wa Februari nilihudhuria mafunzo ya siku tatu kuhusu sheria na utunzaji wa wanyama wa maabara, yaliyofanyika katika ukumbi wa hoteli moja ya Nyali, hapa Mombasa. Ada ilikuwa shilingi 18,000 kwa kila mshiriki, pamoja na chakula cha mchana, chai mara mbili kwa siku, kabrasha nene la kusomea nyumbani, na cheti. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja cha mjini, na kwa miaka sita nimekuwa miongoni mwa watu watatu wenye dhamana ya chumba cha panya weupe na sungura wanaotumiwa katika masomo na katika utafiti wa dawa za mitishamba. Naandika kwa ajili ya mafundi, wanafunzi wa uzamili na wakuu wa idara ambao tangu nirudi kazini wameniuliza kama mafunzo hayo yana thamani ya fedha zinazotozwa. Waandaaji sitawataja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona pia katika semina nyingine za aina hii, na haja yangu ni kwamba zirekebishwe popote zilipo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya sheria. Mkufunzi, ambaye ni daktari wa mifugo aliyewahi kuketi katika kamati za maadili ya utafiti, alianza na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1962, kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Wengi wetu tuliijua kuwa sheria ya punda anayetwikwa mzigo kupita kiasi na mbwa anayepigwa mawe njiani. Mkufunzi alitusomea madhumuni yake, ambayo yanataja waziwazi, pamoja na kuzuia ukatili, udhibiti wa majaribio yanayofanywa kwa wanyama, na akatuonyesha kwamba anayetaka kufanya jaribio la namna hiyo anatakiwa kuwa na leseni. Katika miaka sita ya kazi yangu sikuwahi kuifungua sheria hiyo, wala hapana mkubwa wangu yeyote aliyewahi kuniagiza niifungue. Kwa jambo hilo peke yake nilihisi kwamba nusu ya ada yangu imekwisha kurudi.

Ili tuelewe fikra hizo zimetoka wapi, alitueleza kwamba Uingereza ilitunga mwaka 1876 sheria iliyokuwa ya kwanza duniani kudhibiti majaribio ya wanyama, na kwamba sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja hadi ilipobadilishwa mwaka 1986. Sheria mpya ya Waingereza inadai ruhusa tatu zilizo mbalimbali: ya mtu atakayemgusa mnyama, ya mradi wenyewe, na ya mahali kazi itakapofanyika. Alituamuru tuchore safu tatu kwenye karatasi, tuandike mtu, kazi na mahali, kisha kila mmoja ajaze habari za maabara anayotoka. Zoezi hilo lilichukua dakika kumi tu, lakini liliwafichua wengi wetu, kwa kuwa palikuwa na waliojaza safu ya kazi vizuri kabisa, wakitaja kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013, na idhini ya kamati ya maadili ya chuo chao, ilhali safu ya mtu ilibaki tupu. Hawakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliyeshika sindano alifundishwa kuishika.

Habari za Marekani zilinigusa zaidi. Mwaka 1965 mbwa mmoja aitwaye Pepper aliibwa kwa wenyewe huko Pennsylvania, akaishia katika hospitali ya New York alikofia katika jaribio, na hasira ya wananchi kuhusu mbwa wanaoibwa ikasaidia kuzaa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966. Hata hivyo sheria hiyo hadi leo haiwahesabu panya wanaozalishwa mahsusi kwa utafiti, wa aina kubwa na wa aina ndogo, wala ndege wa namna hiyo. Mwaka 2002 Bunge la nchi hiyo liliandika kutengwa kwao ndani ya sheria yenyewe. Mtu anayefanya kazi na panya kila siku, kama mimi, hawezi kulisikia jambo hilo akatulia. Mnyama anayetumiwa kwa wingi kuliko wengine wote ndiye aliyeachwa nje ya mlango, na kinachomlinda huko ni masharti ya wafadhili wa utafiti na kamati za taasisi, si sheria hiyo.

Umoja wa Ulaya umekwenda upande mwingine. Agizo lake la mwaka 2010 linawalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo, na zaidi ya hao linamlinda pweza pamoja na jamaa zake, ngisi na dome, kwa sababu wataalamu waliridhika kwamba wanahisi maumivu. Kijana mmoja anayesomea elimu ya bahari, mzaliwa wa Shimoni, aliomba kauli hiyo irudiwe, kisha akasema kwamba kwao pweza hupigwa kwenye mwamba hadi alainike na hakuna aliyewahi kujiuliza anahisi nini. Mkufunzi hakumkejeli wala hakumhukumu. Alimweleza tofauti kati ya kitoweo cha mvuvi na mnyama anayewekwa ndani ya tangi la maabara kwa wiki kadhaa, na mazungumzo hayo yakaendelea hadi kwenye chai. Huo ndio ufundishaji ninaoweza kuulipia tena.

Penye udhaifu siku hiyo ni pale ilipofika zamu ya nchi yetu ya leo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za kaunti, huku sera ya tiba ya mifugo na taasisi za utafiti zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa fundi wa Mombasa hilo ndilo swali la kwanza: nikiona sungura anateswa katika chumba cha jirani, napiga simu kwa afisa wa kaunti, au kwa daktari wa mifugo wa serikali ya kitaifa, au kwa kamati ya chuo ambayo mwenyekiti wake huenda ndiye mwenye mradi? Slaidi ya Katiba ilionyeshwa kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha tukaruka. Mifano karibu yote ilitoka Nairobi, hasa katika ile taasisi ya utafiti wa nyani na tumbili iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, ambayo sasa ipo katika msitu wa Oloolua. Ni mifano mizuri, lakini sisi hatuna daktari wa wanyama anayelala kwenye uwanja wa maabara.

Jambo jingine linalohusu sheria, na ambalo tangazo la mafunzo liliacha liwe na utata: cheti kinachotolewa mwishoni si leseni. Kinathibitisha kwamba umehudhuria, basi. Niliwakuta wanafunzi wawili waliokuwa wamejinyima ili walipe ada, wakiamini kwamba wakirudi na cheti hicho wataruhusiwa kuanza majaribio yao. Mkufunzi aliwasahihisha kwa upole, lakini waandaaji wangeliandika hilo kwenye tangazo lenyewe.

Siku ya pili tuliingia katika zile kanuni tatu zilizopendekezwa na Waingereza William Russell na Rex Burch mwaka 1959, ambazo leo ndizo msingi wa karibu kila kamati ya maadili: utafute njia isiyomhitaji mnyama, ikiwa hakuna, upunguze idadi, na kwa wale utakaowatumia, upunguze maumivu na uwaboreshee maisha. Tulipewa pendekezo la utafiti lenye panya sitini, tukaambiwa tulikosoe. Kundi letu lilishuka hadi kumi na wawili, na tukajiona tumetenda wema. Mkufunzi alituonyesha kwa hesabu kwamba kwa idadi hiyo jaribio lisingeweza kutoa jibu lolote la kuaminika, na kwa hiyo hao kumi na wawili wangekufa bure, kisha mtu mwingine angelazimika kulirudia lote. Sikuwahi kufikiri kwamba hesabu za takwimu ni sehemu ya huruma. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea ombi la panya namuuliza idadi hiyo ameipataje kabla sijamuuliza anataka kuwadunga nini.

Katika mjadala wa njia mbadala, mama mmoja anayetengeneza sabuni ya mwani kule Kwale aliuliza kama mteja wa nje anaweza kumdai uthibitisho wa majaribio ya sungura. Alijibiwa kwamba kipimo cha kumtia sungura dawa jichoni, kilichobuniwa na John Draize mwaka 1944, kinazidi kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na tishu zinazooteshwa maabara, na kwamba tangu Machi 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama kuuzwa katika soko lake, kwa hiyo anayetaka kuuza huko na akawatumia sungura atakuwa amejifungia mlango mwenyewe. Mchana wa siku hiyo ulikwenda katika ujazaji wa fomu, na sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba ungetosha nusu saa.

Siku ya tatu ndiyo bora. Hapakuletwa mnyama hata mmoja ukumbini. Tulijifunza kushika na kudunga kwa panya wa mpira, na dalili za maumivu tulizisoma kwenye picha na video. Nawapongeza waandaaji kwa uamuzi huo, maana nimewahi kuona mafunzo ambayo panya walipitishwa mikono ishirini kwa asubuhi moja ili watu wajifunze huruma. Tulionyeshwa kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni mwa panya, kilichochapishwa mwaka 2010: macho yanavyofumba, pua na mashavu yanavyovimba, masikio yanavyorudi nyuma, na ndevu zinavyobadilika mkao. Tulionyeshwa pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool wa mwaka huohuo, uliothibitisha kwamba panya anayenyanyuliwa kwa mkia huishi na hofu zaidi kuliko yule anayebebwa katika viganja vya mikono au ndani ya kijibomba. Mimi nimewanyanyua kwa mkia kwa miaka sita. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Niliporudi nilinunua bomba la plastiki la maji katika duka la vifaa vya ujenzi, nikalikata vipande vya urefu wa kiganja, nikalainisha kingo kwa msasa, na kuweka kipande kimoja katika kila kizimba. Baada ya wiki chache panya wengi walikuwa wakiingia wenyewe ndani ya bomba mkono wangu ulipokaribia. Mabadiliko hayo yalinigharimu chini ya shilingi elfu moja.

Sasa nieleze lililonisikitisha. Kabrasha limenakili viwango vya mwongozo wa Marekani unaotumiwa na maabara nyingi duniani: nyuzi 20 hadi 26 za Selsiasi kwa panya, 16 hadi 22 kwa sungura, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 70. Tulivisoma viwango hivyo katika ukumbi ambao kiyoyozi chake kilikuwa kikali kiasi cha akina mama kujitanda leso mbilimbili, ilhali nje ya dirisha ilikuwa kaskazi ya Februari, jua la utosi na upepo wenye chumvi. Katika miezi hii, chumba kisicho na kiyoyozi hapa Mombasa hakiwezi kufika chini ya nyuzi 26 hata usiku wa manane, na unyevu hupita asilimia 70 pasipo mvua. Nilipouliza afanyeje mtu ambaye kiyoyozi chake kinategemea umeme unaokatika, nilijibiwa kwamba taasisi inapaswa kuwa na jenereta. Ni jibu sahihi, ila halimsaidii aliye peke yake saa nane za usiku.

Niliuliza kwa sababu. Mwaka uliopita, mwezi wa Machi, umeme ulikatika Ijumaa usiku katika chumba chetu na jenereta haikuwaka. Mlinzi aliona giza, lakini hakujua kwamba nyuma ya mlango ule kuna viumbe wasioweza kutoka jasho kama yeye, ambao njia yao ya kujipoza ni kujilamba mate mwilini na kutoa joto kupitia mkia na masikio, na hewa ikiwa nzito kwa unyevu hata mate hayo hayakauki. Nilipofungua Jumamosi asubuhi nilikuta panya kumi na mmoja wamekufa, wamejinyoosha mbalimbali kila mmoja pembeni mwa kizimba, jinsi wanavyofanya wanapokimbia joto la wenzao. Vibali vyote vya mradi ule vilikuwa halali, na kamati ilikuwa imepitisha kila ukurasa. Hapakuwa na nambari ya simu mlangoni.

Mafunzo yanayotolewa Mombasa yangetenga angalau saa tatu kwa jambo hili: jinsi ya kupunguza idadi ya panya katika kila kizimba kaskazi inapoanza, kuhamishia vizimba rafu za chini, kumfundisha mlinzi afungue nini na ampigie nani, kuandika joto la juu na la chini la kila siku, na kuwa na ujasiri wa kuahirisha jaribio hadi msimu wa kusi, joto linapopungua. Joto linaharibu pia majibu ya utafiti, kwani dawa inayopimwa kwa mnyama aliyezidiwa na hari haipimwi peke yake, na hoja hiyo ingewashawishi hata watafiti wasioguswa na ustawi wa panya.

Kasoro ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike. Washiriki karibu wote tulikuwa mafundi, wahadhiri na wanafunzi. Mlishaji alikuwa mmoja tu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyetumwa na taasisi yake kwa sababu bosi wake alipata udhuru. Mafunzo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na kabrasha pia, na kwa siku mbili mzee yule alikaa kiti cha nyuma bila kusema neno. Kwenye chai ya siku ya tatu nilimsogelea, nikamuuliza ameonaje zile picha za nyuso za panya.

“Mwanangu,” akaniambia, “mimi nimewalisha hawa miaka ishirini. Nikiweka karatasi jioni, asubuhi nikakuta panya hakujenga kiota, najua huyo ana jambo, hata kama amekula. Lakini sijui kama hilo lina pahali katika karatasi zao.”

“Lina pahali, mzee wangu,” nikamjibu, kwa sababu ujenzi wa kiota ni mojawapo ya vipimo ambavyo watafiti wa ustawi wa panya wanavitumia. Lilikuwamo ndani ya kabrasha aliloshika mkononi. Tulilisoma pamoja, mimi nikimfasiria, naye akaniongezea dalili mbili za sungura ambazo mkufunzi hakuzitaja. Kisha akanikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, ambayo kila mtoto wa madrasa hapa Pwani ameisikia, akasema kwamba kosa la mwanamke yule lilikuwa ni kumfunga, asimpe chakula wala asimwache akajitafutia. “Ukimfunga, riziki yake iko mkononi mwako,” akasema, “na sisi hapa tumewafunga wote.”

Mkufunzi hakuyasikia mazungumzo hayo, na programu haikuwa na nafasi ambayo yangesikika. Sheria, leseni, kamati na fomu zote humfikia mnyama kupitia mkono wa mtu anayefungua mlango saa kumi na mbili asubuhi, na mtu huyo mafunzo haya hayakumwalika wala hayakuzungumza naye kwa lugha anayoifikiria. Nimewaandikia waandaaji niwaombe watenge siku moja ya Kiswahili kwa wahudumu na walinzi, kwa ada ndogo, na wamlipe mzee kama yule awe mmoja wa wakufunzi.

Kwa mtafiti, mwanafunzi wa uzamili au fundi anayemudu Kiingereza, nashauri alipe na ahudhurie, hasa kwa ajili ya siku ya kwanza na ya tatu. Kama idara inaweza kulipia mtu mmoja tu, imtume fundi badala ya mhadhiri. Ukumbi ulikuwa safi, pilau ya siku ya pili ilikuwa nzuri, na ratiba ilifuatwa. Kwa mlishaji, bado. Kabla ya kulipa, piga simu uulize kama kuna kipindi cha Kiswahili na kama mada ya joto imeongezwa. Wakati tunasubiri, nimezifasiri kurasa mbili za dalili za maumivu kwa Kiswahili chepesi, kuanzia manyoya yaliyosimama hadi kiota ambacho hakikujengwa, nikazibandika ndani ya mlango wa chumba chetu pamoja na nambari tatu za simu, na mlinzi wa zamu ya usiku sasa ana ufunguo.